Eksirei moja hugharimu nishati kiasi gani?

Bwawa la umeme la Karuma, nchini Uganda, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na gharama yake hutajwa kuwa takriban dola bilioni 1.7. Darubini ya Chandra, iliyorushwa na shirika la anga la Marekani, NASA, Julai 1999, ilijengwa kwa takriban dola bilioni 1.65. Tuchukue dola moja kwa shilingi 3,600 za Uganda. Karuma inakuwa shilingi trilioni 6.12, Chandra trilioni 5.94. Tofauti ni shilingi bilioni 180, yaani asilimia 3 hivi.

Ulinganisho huo una kasoro. Dola ya 1999 ilinunua karibu mara mbili ya kile ilichonunua dola ya 2024, kwa hiyo kwa thamani ya sasa Chandra inakaribia bei ya Karuma mbili. Kwa upande mwingine, Karuma kwa sehemu kubwa ni mkopo wa benki ya Exim ya China, unaolipwa pamoja na riba, ilhali Chandra ilitoka kwenye bajeti ya nchi tajiri. Na Karuma ina cha kuuza: megawati 600 za umeme. Chandra haiuzi chochote. Kazi yake ni kuhesabu fotoni za eksirei, fotoni ikiwa ni chembe moja ya mwanga.

Sehemu ya fotoni hizo hutoka kwenye mikondo. Mkondo, katika uchambuzi huu, ni mchirizi mwembamba wa chembe na usumaku unaofyatuliwa kutoka kando ya shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Ule uliochunguzwa zaidi uko katika galaksi ya M87, umbali wa takriban miaka-nuru milioni 55. Heber Curtis aliuona mwaka 1918 kutoka kituo cha Lick, California. Shimo jeusi linaloutoa lina uzito wa majua bilioni 6.5, kwa kipimo kilichotangazwa mwaka 2019.

Nguvu ya mkondo huo hukadiriwa kuwa wati 1 ikifuatwa na sufuri 37. Gawanya kwa Karuma: unapata Karuma 17 zikifuatwa na sufuri 27. Gawanya kwa jua: majua bilioni 26. Hesabu hizi hazina kosa, ila hazimfikishi msomaji mbali. Kwanza, nguvu hiyo haipimwi moja kwa moja. Hukisiwa kutokana na mapovu ambayo mkondo umeyachimba ndani ya gesi inayouzunguka, pamoja na muda unaodhaniwa ulitumika kuyachimba, na makadirio ya watafiti hupishana mara kumi juu na mara kumi chini. Pili, jumla kubwa namna hiyo haisemi lolote kuhusu jinsi chembe moja inavyopata nishati yake. Kwa hilo inabidi kuanza na elektroni moja, na elektroni iliyo karibu nasi zaidi iko kwenye mashine ya eksirei ya hospitali ya Mulago, Kampala.

Elektronivolti ni nishati inayopatikana elektroni moja inapovutwa na umeme wa volti moja. Mashine ya kupiga picha ya kifua hutumia kwa kawaida volti 120,000 hivi. Elektroni huvutwa, hupata elektronivolti 120,000, hugonga kipande cha tungsteni na kusimama ghafla, na katika kusimama huko hutoa eksirei. Asilimia 99 hivi ya nishati huishia kuwa joto. Eksirei ni ile asilimia 1 inayobaki.

Kwa shilingi, picha moja ya kifua yenye volti hizo na chaji ya kulombu 0.002 hutumia jouli 240. Uniti moja ya umeme ni jouli milioni 3.6. Tukichukua uniti kwa shilingi 750, umeme wa picha hiyo ni shilingi 0.05. Hata tukidhani mashine inapoteza mara kumi ya kiasi hicho kabla umeme haujafika kwenye elektroni, bado ni nusu shilingi. Anachotozwa mgonjwa dirishani hulipia mashine, jengo na watu. Nishati haimo katika bei hiyo kwa kiwango cha kuonekana.

Jirani na hapo, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, iko linaki, mashine inayosukuma elektroni kwa mawimbi ya redio ndani ya bomba fupi ili eksirei zake zifike kwenye uvimbe ulio ndani ya mwili. Kiwango cha kawaida cha mashine za aina hiyo ni elektronivolti milioni 6. Hiyo ni mara 50 ya mashine ya kifua.

Sasa M87. Fotoni ambazo Chandra inazipokea kutoka huko zina elektronivolti 1,000 hivi kila moja, yaani moja ya 120 ya fotoni kali kuliko zote inayotoka kwenye mashine ya kifua. Kwa kipimo hicho eksirei ya M87 ni dhaifu. Elektroni iliyoitoa ni jambo jingine. Haikugonga tungsteni. Ilikuwa inazunguka ndani ya usumaku, na elektroni inayopindishwa na usumaku hutoa mwanga uitwao mnururisho wa sinkrotroni. Nishati ya fotoni inayotoka hukua kwa mraba wa nishati ya elektroni, na hukua pia kadiri usumaku unavyokuwa na nguvu. Usumaku ndani ya mkondo wa M87 hukadiriwa kuwa gausi 0.0003 hivi. Ule unaogeuza sindano ya dira hapa Kampala ni theluthi moja ya gausi, mara elfu moja zaidi. Kwa usumaku hafifu kiasi hicho, elektroni inahitaji elektronivolti trilioni 7 ili itoe fotoni ya 1,000.

Trilioni 7 kwa 1,000 ni uwiano wa bilioni saba kwa moja. Mulago uwiano huo, kwa fotoni kali kuliko zote, ni moja kwa moja. Anayeishia hapo atasema M87 inafuja nishati, na atakuwa amekosea. Elektroni ya Mulago hupata nafasi chache tu za kutoa eksirei kabla ya kusimama, na nyingi hazitoi kabisa. Ile ya M87 hutoa fotoni baada ya fotoni, mabilioni kwa mabilioni, mpaka nishati yake karibu yote imegeuka mwanga. Za mwanzo ni eksirei. Kadiri elektroni inavyopungukiwa, fotoni zake hushuka kuwa mwanga wa kawaida, mwishowe redio. Kwa kupima nishati inayogeuka mwanga badala ya joto, Mulago ina asilimia 1 na M87 inakaribia 100.

Wala elektronivolti trilioni 7 si nishati nyingi kwa bei ya umeme. Ni jouli 0.0000011. Uniti moja ya shilingi 750 ingetosha elektroni trilioni 3.2 za kiwango hicho. Kilicho ghali ni kuikusanya nishati hiyo yote ndani ya elektroni moja, badala ya kuigawa kwa zote zilizoko.

Binadamu alipojaribu, alifika wapi? Mashine iliyozipa elektroni nishati kubwa kuliko nyingine zote ni LEP ya kituo cha CERN, Geneva, duara lenye mzingo wa kilomita 27 lililofikia elektronivolti bilioni 104.5 kabla ya kufungwa mwaka 2000. Elektroni ya M87 ni mara 67 ya hiyo. CERN ya sasa, yenye mashine nyingine ndani ya handaki lile lile, hutumia takriban uniti bilioni 1.3 kwa mwaka. Kwa shilingi 750 hizo ni bilioni 975, na ni robo ya kila kitu ambacho Karuma ingezalisha mwaka mzima bila kusimama hata saa moja.

Kilichoizuia LEP kupanda zaidi ni mnururisho ule ule wa sinkrotroni. Kila elektroni ilipoteza asilimia 3 hivi ya nishati yake kwa kila mzunguko, na ilizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, kwa hiyo ilibidi ijazwe upya kila mara. Hasara hiyo hukua kwa nguvu ya nne ya nishati. Zidisha nishati mara 67, na hasara kwa mzunguko inaongezeka takriban mara milioni 20. Elektroni ya trilioni 7 ndani ya duara la LEP ingemaliza akiba yake yote kabla ya kutembea meta tatu.

Ndani ya M87 elektroni hiyo hiyo huzunguka duara ambalo nusu kipenyo chake ni kilomita milioni 780, sawa na umbali wa sayari ya Mshtarii kutoka jua. Mzunguko mmoja ni saa nne na nusu. Usumaku ukiwa hafifu na duara likiwa pana hivyo, hasara ni ndogo sana kwa kila mzunguko, na elektroni inaweza kuzunguka karibu mara 39,000 kabla ya kuishiwa. Lakini mizunguko 39,000 ya saa nne na nusu ni miaka 20 tu.

Miaka 20 ndiyo namba inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko trilioni zote zilizotangulia. Kwa muda huo hata mwanga hausafiri zaidi ya miaka-nuru 20. Mkondo wa M87 unang'aa kwa eksirei kwenye urefu wa takriban miaka-nuru 5,000. Gawanya: 250. Elektroni iliyopewa nishati kando ya shimo jeusi ingekuwa imezima zamani kabla ya kufika mbali, ilhali Chandra inaona mafundo yanayong'aa njia nzima. Kwa hiyo elektroni hazipandishwi mara moja pale chanzoni. Zinapandishwa tena na tena njiani, pale pale zinapoonekana.

Hitimisho hilo limesimama juu ya makisio, na inafaa kuyatikisa. Gausi 0.0003 haikupimwa. Hutokana na dhana kwamba nishati ya usumaku na ya chembe ndani ya mkondo zinakaribiana. Tuseme dhana hiyo imekosea mara kumi na usumaku ni gausi 0.00003. Muda wa kuishiwa unarefuka mpaka miaka 620, na elektroni zingehitaji kupandishwa upya mara 8 badala ya 250. Bado si mara moja. Makisio ya pili ni urefu: miaka-nuru 5,000 ni kama tunavyouona kutoka huku, na mkondo umeelekezwa upande wetu. Kama pembe ni digrii 17, urefu halisi ni 17,000 hivi, na 250 inapanda kuwa 850. Makisio ya tatu yanavuta upande wa pili. Mkondo wenyewe unakimbia, na saa ya kitu kinachokimbia hivyo huenda polepole kwetu. Ikipungua mara tano, 850 inashuka kuwa 170. Nimejaribu kuzipanga namba hizi kwa namna ya kuiokoa elektroni inayopandishwa mara moja tu. Haikuokoka.

Upo pia ushahidi usiotegemea makisio hayo. Fundo liitwalo HST-1, lililo karibu na kiini cha M87, liliongezeka mng'ao wa eksirei takriban mara 50 kufikia mwaka 2005, kisha likafifia. Kitu kinachong'aa na kufifia ndani ya miaka michache hakina elektroni zinazodumu karne. Usumaku wa gausi 0.001 ungezipa muda wa miaka 3 hivi, na hilo linaafikiana na kilichoonekana.

Zinapandishwaje, basi? Jibu lenye umri mrefu zaidi lilianza na Enrico Fermi mwaka 1949 na likapata sura yake ya sasa mwaka 1977 na 1978. Mahali ambapo sehemu ya mkondo yenye kasi inaikuta yenye kasi ndogo, hutokea wimbi mshtuko. Elektroni hulivuka wimbi hilo, hupindishwa na usumaku uliovurugika upande wa pili, hurudi, huvuka tena, na kila mara hutoka na nishati zaidi kidogo. Ni kama SACCO inayotoa riba ya asilimia 10 kila kipindi, huku asilimia 10 ya wanachama wakijitoa kila kipindi hicho. Anzia elektronivolti bilioni 1. Kufika trilioni 7 kunahitaji vipindi 93. Na kati ya elektroni milioni moja zilizoanza, zinazobaki baada ya vipindi 93 ni 55 hivi.

Hizo 10 mbili ni zangu, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Kinachobaki hata ukizibadilisha ni umbo la matokeo: nyingi zenye kidogo, chache zenye nyingi sana, zikipungua kwa mpangilio mmoja kutoka redio hadi eksirei. Hivyo ndivyo mikondo mingi inavyoonekana. Ila umbo hilo halithibitishi wimbi mshtuko, kwa sababu mpasuko na kuungana upya kwa nyuzi za usumaku, ambao ni mshindani wake mkuu, nao unaweza kuzaa umbo la aina hiyo.

Hesabu inakuwa ngumu zaidi kwenye mikondo ya kwazari, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali. Agosti 1999 Chandra ilielekezwa kwenye kwazari PKS 0637-752 kwa sababu ya kawaida kabisa: kurekebisha fokasi. Mwanga wa kwazari hiyo umesafiri takriban miaka bilioni 6. Waendeshaji walitarajia nukta moja, wakakuta nukta na mkondo wa eksirei wenye urefu wa zaidi ya miaka-nuru 300,000. Mkondo huo uling'aa kuliko ambavyo elektroni zinazotoa mwanga wake wa kawaida zingeweza kueleza.

Maelezo yaliyopendwa kwa muda mrefu yalikuwa ya elektroni za bei nafuu. Ulimwengu wote umejaa mnururisho hafifu uliobaki tangu mwanzo wake, na pale PKS ilipo fotoni moja ya mnururisho huo ina elektronivolti 0.001 hivi. Elektroni ikiigonga, huipandisha takriban mara milioni moja, na inakuwa eksirei ya 1,000. Elektroni inayotosha kazi hiyo ni ya bilioni 0.5 tu, moja ya 14,000 ya ile ya trilioni 7. Tena hudumu muda mrefu sana, kwa hiyo tatizo la miaka 20 linatoweka.

Unafuu huo una masharti. Ili hesabu itimie, mkondo unapaswa kwenda kwa asilimia 99.5 ya mwendo wa mwanga katika urefu wake wote, na uwe umeelekezwa karibu moja kwa moja kwetu. Kama pembe ni digrii 6, urefu halisi si 300,000 bali miaka-nuru milioni 3. Elektroni za nishati ndogo pia zinahitajika kwa wingi mno, na jumla ya nguvu ya mkondo inapanda mpaka kukaribia au kupita kikomo cha kile ambacho shimo jeusi linaweza kutoa kwa kumeza gesi. Nafuu kwa moja, ghali kwa jumla.

Maelezo hayo yalikuwa na sifa moja nzuri: yanaweza kupimwa. Elektroni hizo hizo zingepandisha fotoni nyingine mpaka kuwa miale ya gama, yaani fotoni kali kuliko eksirei, na kiasi chake kinajulikana kabla ya kuangalia. Darubini ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, ilikusanya data kwa miaka. Mwaka 2014 kwa kwazari 3C 273, na mwaka 2015 kwa PKS 0637-752, watafiti walionyesha kwamba miale iliyotabiriwa haipo. Kwa mikondo hiyo tumebaki na elektroni za trilioni nyingi. Kwa mbali zaidi hukumu haijafungwa: pale ambapo ulimwengu ulikuwa robo ya ukubwa wake wa sasa, mnururisho ule ulikuwa na nguvu mara 256, na huenda elektroni za bei nafuu zikapata kazi huko.

Upande wa elektroni ghali ulipata ushahidi mwingine mwaka 2020, kutoka Namibia. Darubini za H.E.S.S. zilionyesha kwamba miale mikali ya gama ya galaksi ya Centaurus A, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 12, haitoki kwenye nukta ya kiini. Imetandaa kufuata mkondo, kwa maelfu ya miaka-nuru. Miale hiyo haiwezi kutoka kwa elektroni isiyo na matrilioni. Hapa makisio ya usumaku hayakuhitajika.

Afrika Mashariki iko kwenye hesabu hizi tangu mwanzo. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa na uzito wa kilo 142 hivi. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Mkondo wa M87 haikuweza kuutenga: upeo wake mwembamba ulikuwa nusu digrii, sawa na sekunde za tao 1,800, na mkondo una sekunde 20. Chandra hutenganisha nusu sekunde, kwa hiyo inaukata mkondo huo vipande 40.

Malindi bado inafanya kazi. Ndicho kituo kikuu cha ardhini cha IXPE, setilaiti iliyorushwa Desemba 2021. Bajeti iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuwa dola milioni 188, shilingi bilioni 677 kwa kiwango chetu, moja ya tisa ya Chandra. Iliwekwa kimo cha takriban kilomita 600, juu ya ikweta karibu kabisa. Kampala iko theluthi ya digrii tu kaskazini ya mstari huo, kwa hiyo IXPE hupita juu ya vichwa vyetu mara 14 hivi kwa siku, na kila mara dakika mbili baadaye imefika usawa wa pwani ya Malindi.

IXPE hupima ni asilimia ngapi ya eksirei zinatetema upande mmoja. Usumaku uliopangika kikamilifu ungetoa asilimia 70 na kitu. Uliovurugika kabisa, sufuri. Mwaka 2022, kwa galaksi ya Markarian 501, ambayo mkondo wake umetuelekea, ilipata takriban asilimia 10, zaidi ya zile zilizopimwa kwa mwanga wa kawaida na redio. Wimbi mshtuko linatabiri hivyo: eksirei hutoka karibu na wimbi, ambako usumaku umebanwa na kupangika, na mwanga wa nishati ndogo hutoka mbali zaidi, baada ya elektroni kutawanyika. Mpasuko wa nyuzi za usumaku haukutarajiwa kutoa tofauti ya namna hiyo. Lakini 10 kati ya 70 ni moja ya saba, na sehemu kubwa ya usumaku ndani ya wimbi hilo, kwa kipimo hiki, imevurugika.

Kwa M87 kipimo hicho hakijapatikana fundo kwa fundo, na sababu ni ya ukubwa. Mkondo wake una sekunde za tao 20. Vioo vya IXPE hutenganisha takriban 30.